Maswali ya Wasomaji: Homa baada ya kemo, damu iliyomtetemesha mgonjwa, na mofini ya saa nne usiku

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa aina mbili: anayemuuguza ndugu yake nyumbani, na muuguzi aliye zamu usiku bila wa kumuuliza. Wanaojibu ni wauguzi wa magonjwa ya damu na saratani. Dozi tunazozitaja ni za kukusaidia kuuliza na kuhakiki. Wa kumwandikia mgonjwa wako ni yule mwenye faili lake.

Shikamooni wauguzi. Mwanangu ana miaka sita, ana saratani ya damu, alichomwa kemo siku tisa zilizopita. Juzi usiku alichemka, nikampa panado ya maji, asubuhi akaamka anacheza. Zahanati walimpima malaria wakaikuta, wakatupa dawa ya mseto tukarudi nyumbani. Jirani ananiambia ilitakiwa niende hospitali kubwa usiku uleule. Mimi kosa silioni. — Mama wa mgonjwa, Morogoro

Marahaba mama. Jirani yako amesema kweli. Na kama mtoto bado ana joto, anatetemeka au amelegea, acha kusoma umpeleke sasa hivi kwenye hospitali yenye wodi.

Kemo, yaani dawa kali za saratani, haiishii kwenye chembe za saratani. Inazuia pia uboho (ute ulio ndani ya mifupa) kutengeneza chembe nyeupe, na kwa dawa nyingi idadi yake hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku ya tisa imeangukia humohumo. Chembe zinazotuhusu zaidi huitwa nyutrofili. Zikiwa chache mno, mwili hauna cha kutengenezea usaha: kidonda hakiwi chekundu, kikohozi hakileti makohozi, koo halivimbi. Homa mara nyingi ndiyo dalili pekee inayobaki, na bakteria waliotoka kwenye utumbo wa mtoto mwenyewe wanaweza kumwangusha kwa saa chache tu.

Ukiwa na karatasi ya kipimo cha damu unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Tafuta jumla ya chembe nyeupe, tuseme 1.8, kisha asilimia ya nyutrofili, tuseme 20. Zidisha, gawa kwa 100, unapata 0.36. Chini ya 1.0 ni za kuangaliwa kwa karibu, chini ya 0.5 ni hatari. Watu wengi huishia kwenye jumla wakaridhika, na hapo ndipo wanapodanganyika: jumla ya 3.0 yenye nyutrofili asilimia 10 ni 0.3 tu.

Nunua themomita ya kidijitali. Kwa maoni yetu inashinda makopo ya lishe ambayo familia hujinyima ili kuyanunua. Mpime mdomoni kama anaweza kufumba midomo vizuri, au kwapani mpaka ilie. Ila jua kwamba kwapani husoma pungufu, mara nyingi kwa karibu nusu digrii. Usimpime njia ya haja kubwa wala usimwekee dawa ya kuingizwa huko, maana mchubuko mdogo tu unawafungulia bakteria njia. Kama kituo chenu kilikupa namba ya joto, fuata hiyo. Kama hakikukupa, basi 38.3 ikisomeka mara moja, au 38.0 ikidumu saa nzima, ni safari ya hospitali, hata iwe saa nane usiku.

Panado ndiyo iliyokufichia ukweli. Inashusha joto bila kuwagusa bakteria, mtoto anacheza saa tatu, na saa hizo tatu ndizo ulizokuwa unazihitaji. Pima kwanza. Panado ataipata huko huko, dawa ya bakteria ikishaanza. Prednisoloni na deksamethasoni, ambazo watoto wengi wenye saratani ya damu huandikiwa, nazo huficha homa. Kwa hiyo mtoto aliye kwenye dawa hizo akipoa mikono na miguu, akitetemeka au akisinzia mchana bila sababu, nenda naye hata kama themomita inasoma 36.8.

Sasa malaria. Huenda kipimo cha haraka kilisema kweli, lakini kipimo hicho kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Na hata kama malaria ni ya leo, kuwepo kwake hakuwaondoi bakteria. Mtoto wa kemo mwenye homa na malaria hutibiwa vyote viwili kwa pamoja.

Ukifika mapokezi usikae foleni. Sema kwa sauti: "Mtoto yuko kwenye kemo, ana homa, leo ni siku ya tisa." Lengo ni apate dozi ya kwanza ya antibayotiki ya mshipa ndani ya dakika 60 tangu aingie mlangoni. Damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kwanza kama maabara inaweza, ila majibu hayangojwi. Mfuko wa safari ukae tayari nyumbani: kadi yenye majina ya dawa na tarehe alizochomwa, karatasi ya mwisho ya damu, kadi ya bima, namba ya simu ya wodi, na nauli ya usiku ambayo haiguswi hata gesi ikiisha.

Habari za kazi. Niko wodi ya wagonjwa wa ndani, hospitali ya wilaya. Tuliletewa chembe sahani (zile za kugandisha damu) kutoka mkoani ndani ya kasha la barafu, tukaziweka kwenye friji ya damu hadi asubuhi. Mgonjwa huyohuyo wa lukemia (saratani ya damu) alipotundikiwa damu nyekundu alitetemeka dakika ya kumi, tukapunguza kasi ya matone hadi ikaisha. Pia tuna desturi ya kuitumbukiza damu kwenye beseni la maji ya moto ili isimpige baridi. Naomba mtusahihishe. — Muuguzi, Kigoma

Asante ndugu kwa kuuliza waziwazi. Tuanze na kutetemeka.

Kupunguza kasi hakukutosha. Mgonjwa akitetemeka, joto likipanda kwa digrii 1 au zaidi, akilalamika kiuno, kifua, pumzi, au maumivu kwenye mkono wenye kanula (kimpira kilicho ndani ya mshipa), damu inafungwa kabisa. Usiichomoe kanula, utaihitaji. Ondoa mpira wote wa damu, maana uliobaki ndani yake ni damu ileile, weka mpira mpya wenye chumvimaji (dripu ya maji ya chumvi) ya asilimia 0.9 ili mshipa usizibe. Pima joto, mapigo, presha, pumzi. Mwite daktari. Soma upya jina, namba ya faili na kundi kwenye mfuko, kwenye fomu na kwa mgonjwa. Kisha mfuko na mpira wake virudi maabara pamoja na damu mpya kutoka mkono wa pili na mkojo wa kwanza atakaotoa. Mkojo wa rangi ya kokakola unakwambia chembe zinapasuka.

Kuna hali moja tu inayoruhusu kuendelea. Mgonjwa akipata vipele na mwasho peke yake, bila homa, bila pumzi kubana, damu husimamishwa, hupewa dawa ya mzio, na ikitulia ndani ya nusu saa daktari anaweza kuruhusu iendelee polepole. Kutetemeka hakumo.

Tunalisisitiza hili kwa sababu damu ya kundi lisilolingana inaweza kuua ikiwa imeingia mililita chache tu. Ndiyo maana dakika 15 za mwanzo muuguzi anakaa kando ya kitanda, matone yakienda taratibu. Vipimo huchukuliwa kabla ya kuanza, dakika ya 15, kila saa, mwisho, na tena saa 4 baadaye. Na kosa lenyewe mara nyingi halitoki maabara. Linatokea kitandani, wakati wodi ina akina Fatuma Juma wawili. Usimuulize mgonjwa "Wewe ni Fatuma Juma?" Mwenye homa ataitikia jina lolote. Muulize, "Unaitwa nani, majina yote?" Mwache aseme mwenyewe, wauguzi wawili walinganishe na mfuko, kila mmoja akisoma kwa macho yake. Mmoja kusoma na mwenzake kuitikia "sawa" akiwa dirishani, hapo amehakiki mtu mmoja.

Kuhusu chembe sahani: zile zilizolala kwenye friji hazikupaswa kutundikwa. Chembe hizi hutunzwa kwenye nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa polepole muda wote, kwa kawaida hadi siku 5. Zikipata baridi hubadilika umbo, na mwili huziondoa kwenye damu muda mfupi baada ya kuingia. Mgonjwa amepewa mfuko ila damu ya fizi iko palepale. Zisafirishwe bila barafu, zikifika wodini zitundikwe papo hapo kwa mpira mpya, kwa kawaida zikiisha ndani ya nusu saa hivi. Kama mgonjwa hayupo tayari, waambie walio mkoani wasizitoe bado. Ni afadhali dereva asubiri kule kuliko chembe zisubiri kwako.

Damu nyekundu ni kinyume chake: nyuzi 2 hadi 6, ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji, iishe ndani ya saa 4. Muda huo umewekwa kwa sababu bakteria wakiwemo huzaliana kwenye joto la chumba. Kama kanula haijapatikana, irudi friji ya maabara kabla ya nusu saa hiyo kwisha, ikishapita, hairudi. Friji ya wodi yenye maziwa na sindano za insulini haihesabiki.

Beseni la maji ya moto liacheni leo. Joto hupasua chembe nyekundu, zinamwaga potasiamu, na unachomtundikia mgonjwa kinakuwa sumu ya moyo. Damu inayokwenda kwa kasi ya kawaida haihitaji kupashwa. Mfunike mgonjwa blanketi. Vilevile mpira wa damu haupitishwi na kitu kingine zaidi ya chumvimaji. Dripu ya sukari huharibu chembe, Ringer ina kalsiamu inayoweza kugandisha damu mpirani, na dawa huchomwa kwenye kanula nyingine.

La ziada, kwa kuwa mgonjwa wako ana lukemia: kabla ya kumwongeza damu nyekundu tazama chembe nyeupe. Zikiwa zaidi ya 100 damu yake tayari ni nzito, na kumpandisha himoglobini haraka kunaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo na mapafu. Himoglobini ya 6 inayoonekana ya kutisha inaweza kusubiri kidogo mgonjwa akiwa ametulia. Mpigie daktari wa damu kwanza.

Mtoto wetu wa seli mundu ana miaka minne, kilo 16. Ameandikiwa haidroksiyurea. Mke wangu kaambiwa na wenzake ni dawa ya saratani, hataki. Na dukani kapsuli zote ni za miligramu 500. Tugawe nusu? — Baba, Musoma

Waliomwambia hawajasema uongo. Dawa hiyo hutumika pia kwenye baadhi ya saratani za damu. Kwa seli mundu hutolewa dozi ndogo kila siku ili mwili utengeneze zaidi himoglobini ya kitoto, ile aliyozaliwa nayo, ambayo huzuia chembe nyekundu kujikunja kama mundu. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Uganda, Kenya, Angola na Kongo, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, ulionyesha maumivu yakipungua, kuongezewa damu kukipungua, malaria ikipungua na vifo pia. Kwetu sisi suala hilo limekwisha. Kazi iliyobaki ni vipimo.

Miligramu 20 kwa kila kilo, ambayo ni dozi ya kawaida ya kuanzia, kwa kilo 16 ni 320 kwa siku. Kapsuli nzima kila siku itakuwa zaidi ya miligramu 31 kwa kilo, ni nyingi mno kuanza nayo. Msiifungue mezani mkagawa unga kwa kisu. Unga huo hausambai sawasawa, na anayeuvuta puani ni mama, hasa akiwa mjamzito. Mfamasia wa hospitali anaweza kuitengeneza ya maji. Ikiwa ya miligramu 100 kwa mililita, mtoto wenu atapata mililita 3.2 kwa sirinji ya mdomoni. Pasipo mfamasia wa hivyo, madaktari wengine huandika kapsuli nzima kwa siku fulani tu za wiki ili wastani ukae karibu na dozi. Ratiba hiyo aipange daktari, nanyi mwibandike ukutani.

Damu ipimwe kila wiki 2 hadi 4 mwanzoni, kisha kila miezi 2 au 3. Nyutrofili zikiwa chini ya 1.0 au chembe sahani chini ya 80, dawa husimama kwa muda, huanza tena zikipanda. Msitegemee nafuu wiki ya kwanza. Huchukua miezi mitatu hadi sita, na wengi huiacha mwezi wa pili wakisema haifanyi kazi.

Haidroksiyurea haiondoi mengine. Penisilini ya kunywa kwa umri wake ni miligramu 250 asubuhi na 250 jioni, foliki asidi kila siku, chandarua kila usiku, na maji ya kutosha: kwa kilo 16 ni karibu lita 1.3 kwa siku, uji na maziwa vikihesabiwa. Homa ya 38.5 ni hospitali. Mwombeni muuguzi wa kliniki awafundishe kushika wengu (bandama), kwa mtoto aliyelala chali, magoti yamekunjwa, vidole vikianzia kitovuni kwenda chini ya mbavu za kushoto. Likivimba ghafla na mtoto amepauka midomo na viganja, damu yake imejikusanya humo. Hapo hamngoji gari la asubuhi. Maumivu yakianza mkandeni kwa kitambaa cha uvuguvugu, kamwe si barafu, mpeni maji na dawa ya maumivu mliyoandikiwa. Akilegea upande mmoja, mdomo ukipinda au maneno yakigoma, ni kiharusi, hata kwa miaka minne.

Dada yangu ana saratani ya matiti. Alipochomwa ile dawa nyekundu alisema mkono unaunguza, akaambiwa avumilie ndivyo ilivyo. Sasa ni wiki ya pili, ngozi juu ya kiganja imekuwa nyeusi na ngumu. Tunamkanda kwa maji ya moto kila jioni. — Mdogo wake, Mombasa

Acheni kumkanda, mrudisheni hospitali kesho asubuhi aonwe na daktari wa upasuaji pamoja na wa saratani. Dawa nyekundu hiyo huenda ni doksorubisini, na maelezo yako yanafanana na dawa iliyovuja nje ya mshipa. Inakaa kwenye nyama na kuendelea kuila kwa wiki kadhaa, ndiyo maana kidonda huonekana baadaye. Wakati mwingine nyama iliyokufa inabidi iondolewe ili vidole visikakamae.

Kuungua si "ndivyo ilivyo." Dada yako akisikia tena mchomo, hata kidogo, aseme palepale na dawa isimamishwe. Muuguzi haichomoi kanula: anaunganisha sirinji tupu na kuvuta kinachovutika, halafu ndipo anaitoa bila kukandamiza. Anachora mpaka wa uvimbe kwa kalamu, anaandika saa na kiasi, mkono unainuliwa. Doksorubisini hutaka baridi, dakika 15 hadi 20, mara nne kwa siku, kwa siku moja au mbili. Vinkristini ni kinyume, hiyo hutaka joto. Kukosea hapa kunaongeza madhara, kwa hiyo ulizeni jina la dawa kabla ya kukimbilia barafu au birika.

Kwa mizunguko inayofuata, kanula iwe mpya, iwekwe katikati ya mkono wa mbele na si juu ya kiganja wala kwenye kiwiko, damu irudi ikivutwa kabla ya dawa, na dawa iingie huku dripu ya chumvimaji ikitiririka. Mkojo wake ukiwa mwekundu siku moja au mbili baada ya dawa hiyo, msishtuke, ni rangi ya dawa.

Mume wangu ana mieloma (saratani ya uboho), mgongo unamtesa. Daktari kampa mofini ya maji. Shemeji zangu wanasema mofini ni ya mtu wa kufa, tumpe diklofenaki tu. — Mke wa mgonjwa, Arusha

Pole dada kwa uuguzi na kwa mashemeji. Diklofenaki ndiyo ya kuogopa hapa. Mieloma huanzia kwenye uboho lakini huumiza mno figo, na diklofenaki na ibuprofeni humalizia figo zilizokwisha kuchoka. Mofini kwa dozi inayopandishwa polepole haimharakishi mtu kufa. Mtu asiyeumia hula, hulala na hugeuka kitandani. Uganda, kwa kulijua hilo, tangu mwaka 2004 imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa (ya kupunguza mateso ya mgonjwa) kuandika mofini wenyewe.

Kwanza soma nguvu yake kwenye chupa. Kuna ya miligramu 5 kwenye mililita 5, kuna ya 10 kwenye mililita 5, na kuna kali zaidi. Chupa mpya ikija, usiendelee na vijiko vya zamani kabla ya kusoma. Pima kwa sirinji, si kijiko cha chai. Dozi hutolewa kila baada ya saa 4 kwa saa, haingoji maumivu yaanze: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku madaktari wengi huiandika mara mbili ya kawaida ili mgonjwa asiamshwe saa 8. Tazama kama yako imeandikwa hivyo. Kama haikuandikwa, uliza, usiongeze mwenyewe. Maumivu yakipenya katikati, kuna dozi ya ziada aliyoandikiwa. Mpe, andika saa, na ile ya ratiba ibaki kwa wakati wake. Zikihitajika za ziada nyingi kwa siku, daktari atapandisha dozi kuu, na daftari lako ndilo litakalomwonyesha kwa kiasi gani.

Kusinzia siku 2 au 3 za mwanzo ni kawaida, kichefuchefu pia hupita ndani ya siku chache. Choo kigumu hakipiti. Dawa ya kulainisha choo, bisakodili au senna, ianze siku ileile ya mofini, labda awe anaharisha. Tumeona barua nyingi za wagonjwa walioiacha mofini si kwa maumivu kurudi bali kwa choo cha siku tisa. Asipoamka ukimtikisa, na pumzi zikiwa chini ya 8 kwa dakika, hiyo ni dharura. Na kwa mwenye mieloma figo zikilegea mofini hujikusanya mwilini, kwa hiyo mkojo ukipungua mwambie daktari. Huenda akaongeza nafasi kati ya dozi.

Anywe lita 2 hadi 3 za maji kwa siku kama hakukatazwa. Mnapomgeuza, mabega na nyonga viende pamoja, msimvute mkono. Miguu ikianza kufa ganzi au kulegea, au mkojo ukagoma kutoka, ni uti wa mgongo unaobanwa na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Akisubiri siku mbili huenda asitembee tena.

Kwa ufupi

Juisi ya rozela inaongeza damu ya mgonjwa wa lukemia? (Tanga) Ni kinywaji kizuri, mpe. Lakini damu yake imepungua kwa sababu uboho umejaa chembe za saratani, si kwa kukosa madini chuma. Mtoto wa seli mundu naye msimpe vidonge vya chuma kama vile vya wajawazito bila kipimo: aliyeongezewa damu mara nyingi ana chuma cha kupita kiasi, kinakaa ini na moyoni. Foliki asidi peke yake inamtosha.

Kachumbari ni marufuku? (Nakuru) Wakati chembe nyeupe ziko chini, ya mkahawani ndiyo. Nyumbani, matunda ya kumenywa kama ndizi, papai na embe, yakioshwa kabla ya kumenywa, aendelee nayo. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa walionyimwa vyote vibichi na wale walioruhusiwa matunda na mboga zilizooshwa vizuri hazikuonyesha kwamba kunyimwa kunakinga maambukizi. Maziwa yasiyochemshwa na nyama yenye damu ndivyo vya kukataa kabisa.

Midomo imejaa vidonda, hali kitu. (Iringa) Chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 1, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi na kimoja cha baikaboneti ya soda (si hamira), asukutue na kutema kila baada ya saa 4 na akila. Tengeneza upya kila siku. Mswaki uwe laini. Wa mti uwekwe kando mpaka chembe sahani zipande. Dawa za kusukutua zenye spiriti zinachoma tu. Asipoweza kumeza hata maji, ni wa hospitali.

Matapishi na nguo baada ya kemo? (Kisumu) Kwa saa 48 vaa glovu ukigusa mkojo, kinyesi au matapishi yake. Choo cha kuvuta maji kivutwe mara mbili kikiwa kimefunikwa; cha shimo kifunikwe, na mwanamume akojoe akiwa amekaa. Mashuka yafuliwe peke yake mara mbili. Mjamzito asishike kazi hiyo. Kula naye meza moja, kumkumbatia, kumbeba mtoto wake: hayo hayana shida.

Kijana wetu ana himofilia (damu haigandi vizuri), goti limevimba baada ya mpira. Kituo cha afya wanataka kumchoma sindano ya maumivu takoni. (Dodoma) Kataeni kwa heshima. Sindano ya nyama humfanya avuje damu ndani ya msuli, na diklofenaki na aspirini huzidisha. Parasetamoli ya kunywa ndiyo yake. Anachohitaji ni faktari, ile protini ya kugandisha damu aliyopungukiwa, kabla ya eksirei na kabla ya majadiliano, ikiwezekana ndani ya saa 2 tangu goti lianze kuwasha na kukaza. Kwa himofilia A, yuniti 1 kwa kilo hupandisha faktari 8 kwa takribani asilimia 2. Kijana wa kilo 50 anayetakiwa kufika asilimia 40 atahitaji yuniti 1,000. Himofilia B hutumia faktari 9, na hiyo hupanda asilimia 1 tu kwa yuniti, kwa hiyo dozi ni mara mbili. Chupa haitikiswi kwa nguvu inapochanganywa, huzungushwa taratibu mkononi mpaka unga uyeyuke. Wakati mnaisubiri, goti lipumzike, libandikwe bandeji isiyobana sana, liwekewe barafu ndani ya kitambaa dakika 15, liinuliwe juu ya mto. Chanjo asiikose: ichomwe chini ya ngozi pale chanjo yenyewe inaporuhusu, kwa sindano nyembamba kabisa, kisha mbonyezeni kwa pamba dakika 5 zilizotimia kwa saa, bila kusugua.